Jirani wa meza ananinanga mbele ya wateja, nimjibuje?

Binti Newala: Wakubwa shikamooni. Nauza korosho za kukaanga Mtwara mjini, karibu na stendi. Dada wa meza ya pili ana mdomo! Mteja akinisogelea tu: "Hizo za mwaka juzi, kaka." Akiondoka: "Hawa watu wa Newala wanakula panya bwana, biashara wataijulia wapi." Watu wanacheka, mimi koo linakauka. Majibu yananijia usiku nimeshalala. Ugomvi sitaki, tunacheza mchezo mmoja wa kupeana pesa na mama yake.

Mzee wa Mikindani: Mwanangu, huyo ni mtani wako? Mtani anakunanga hata msibani na unacheka, ukinuna aibu ni yako. Kama si mtani, hiyo ni dharau imejitanda kanga ya utani.

Binti Newala: Si mtani, mzee wangu.

Chuma cha Feri: Mchambe! Ukinyamaza atakupanda kichwani.

Mama Bangua: Chuma, usimponze mwenzio. Wakichambana, wanaokimbia ni wateja. Binti, la korosho na la panya usiyachanganye. La korosho linagusa riziki, lijibu palepale, ila mjibu mteja, si yeye. Mmiminie kiganjani: "Onja kaka, kisha pita kwa dada uonje na zake, ununue roho inapopenda." Sauti ya kawaida kabisa. Korosho iliyokaa sana mafuta yake huchacha, ulimi utamwambia mwenyewe. Halafu uone kama huyo dada ataonjesha, wenye mdomo hivyo huwa wachoyo 😂

Mla Ming'oko: La panya niachieni mie wa Tandahimba: "Sisi panya tunamfuata porini, dada. Wako anakula unga ndani na bado hujamkamata." Sema ukicheka, mara moja tu, uendelee kupima korosho. Ukirudia limeshakuwa tusi.

Mzee wa Mikindani: Hahaa, kali hiyo! Ila mama yake na ndoa yake usiviguse.

Binti Newala: Mrejesho. Leo kaanza tena na mwaka juzi yake. Nikamwonjesha mteja, nikamwelekeza kwake. Dada kagoma kuonjesha, eti hataki kumaliza mtaji! Mteja karudi kuchukua nusu kilo. La panya sijalitumia, linaniwasha ulimi.

Mla Ming'oko: Litunze, atakupa nafasi tu.

Mama Bangua: Na nyongeza ulimwekea?