Boba Fett wa kurusha roketi: silikoni inanata, roketi inakwama, na mfereji uwe L au J?

Mchongaji_95

Wakuu, habari. Natengeneza Boba Fett wa kurusha roketi, mwanasesere wa mhusika wa Star Wars, yule ambaye kampuni ya vichezeo ya Kenner walimtangaza mwaka 1979 kuwa wa kuagiza kwa posta kwa kutuma vithibitisho vinne vya ununuzi, kisha akaja roketi ikiwa imegandishwa mgongoni. Ninayemlenga ni yule wa majaribio, wa plastiki ya kijivu-buluu isiyopakwa rangi. Mwili nimechukua wa Boba Fett wa kawaida aliyechakaa. Mkoba wa mgongoni nimeuchora upya kwenye kompyuta nikauchapa kwa printa ya resini, ili nitengeneze kalibu ya silikoni na kumwaga nakala.

Nimekwama sehemu nne:

Silikoni (ya platini, yaani inayokaushwa na kichocheo cha platini) imekauka vizuri pembeni, lakini pale ilipogusa mkoba imebaki inanata kama asali, siku ya tatu sasa.

Kwenye nakala moja iliyotoka, roketi inaingia kwa kulazimishwa, na nikiachia springi inasogea milimita mbili tatu na kusimama. Tundu nilichora milimita 3.2, roketi milimita 3.1.

Bega la kushoto limepasuka nilipofungua kiwiliwili kwa kisu.

Mwisho, picha za wanasesere wa majaribio zinaonyesha mifereji ya aina mbili mgongoni (mfereji ni njia inamopita pini ya kitelezi, kile kifungo cha kufyatulia roketi), wa umbo la L na wa umbo la J. Nifuate upi?

Kalibu_Mbili

Mkuu, silikoni hiyo haitakauka hata ukingoja mwezi. Silikoni ya platini huuawa na vitu vichache vinavyojulikana: salfa (ipo kwenye udongo mwingi wa kuchongea na kwenye glavu za mpira wa asili), mabaki ya silikoni ya bati, na resini ya printa ambayo haijaiva sawasawa. Kwako ni hiyo ya tatu. Juu ya kitu kilichochapwa hubaki utando wa resini mbichi usioonekana kwa macho, na ndio unaokula kichocheo.

Toa silikoni yote iliyonata kwa spiriti ya aisopropili na mswaki laini. Osha mkoba mara mbili, ya pili kwa spiriti safi ambayo haijatumika, uache ukauke kabisa (spiriti iliyonaswa kwenye kona nayo ni tatizo), halafu uweke kwenye taa ya urujuanimno kwa dakika 30 hivi, ukiugeuza ili miale ifike hadi ndani ya tundu. Baada ya hapo upashe joto la nyuzi 60 kwa saa nne au zaidi, kisha upulizie vanishi ya akriliki isiyo na rangi, tabaka mbili nyembamba. Usimwage tena silikoni nyingi kabla ya kujaribu: weka tone moja sehemu iliyojificha, rudi baada ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Likikauka, endelea.

Njia ya mkato ni kutumia silikoni ya bati kwa kalibu hii moja. Yenyewe haibagui. Ubaya wake ni kwamba husinyaa zaidi kadiri siku zinavyopita, na kalibu huanza kukakamaa na kuchanika mapema kuliko ya platini. Kwa nakala tano sita inatosha.

Na tafadhali, ukishatumia ya bati, usichanganye vyombo. Kijiti kimoja kilichokoroga bati kinatosha kuharibu mchanganyiko wa platini.

Springi_Nyembamba

Nijibu la roketi na la mfereji, maana ni jambo moja.

Mwanya wa 0.1 unapendeza kwenye kompyuta tu. Vanishi kwenye mkoba wa asili haigusi roketi moja kwa moja, lakini hupunguza kipenyo cha tundu, na tundu hilo hilo ndilo linalonakiliwa. Resini nayo husinyaa kidogo ikikauka, na mstari wa maungio ya kalibu huacha ukingo mdogo ndani. Ukijumlisha vyote, 0.1 yako imekwisha kabla hujaweka roketi. Anza na mwanya wa 0.3. Roketi ikiwa 3.1, tundu liwe 3.4.

Lakini ningekushauri usitegemee resini hapo kabisa. Chora tundu la milimita 4.1, kisha utie kibomba cha shaba chenye kipenyo cha nje cha milimita 4 na cha ndani kama 3.1, ukigandishe kwa epoksi, na roketi uipunguze hadi 2.8. Shaba haisinyai, haina mstari wa kalibu, na springi inateleza bila kuchimba ukuta. Sugua ndani kwa msasa namba 1000 uliozungushiwa kijiti. Kumbuka kukata ufa kwenye kibomba mahali mfereji unapopita, la sivyo pini ya kitelezi haitapata njia. Wengi hugundua hilo epoksi ikishakauka.

Springi: waya wa chuma cha pua wa 0.3, kipenyo cha nje 2.7, urefu wake ikiwa huru kama 15, ikibanwa kabisa ibaki 5 au 6. Springi ndefu na nyembamba hujipinda katikati ikibanwa, nguvu yote inaishia ukutani badala ya kusukuma, na nadhani hicho ndicho kinachokufanya uone roketi ikisogea milimita mbili na kusimama. Weka kijiti cha waya wa milimita 1 katikati ya springi kiiongoze. Usitumie springi ya kalamu nzima nzima. Ni ngumu mno kwa mfereji wa resini.

Sasa mfereji. Tazama unavyofanya kazi, achana na picha kwanza. Springi inasukuma pini juu muda wote. Kwenye L, pini inashuka, inasogea pembeni, inabaki hapo kwa msuguano tu. Kona ikilika kidogo, au ukimgonga mezani, pini inateleza na roketi inaruka. Kwenye J, pini inashuka, inavuka pembeni, kisha mkono mfupi unapanda kidogo, kwa hiyo springi yenyewe ndiyo inayoishikilia pini ndani ya ndoana. Kuifyatua inabidi uisukume chini kwanza. Ndiyo maana L ilitangulia na J ikafuata: Kenner walikuwa wakitafuta kifungo kisichofyatuka chenyewe.

Ukitaka anayefanya kazi, chukua J. Pini ya chuma milimita 1.2, mfereji 1.5, mkono mfupi wa J uwe unapanda angalau milimita 1. Ukitaka L kwa sababu unaipenda, sawa, ila kona ya ndani uiimarishe kwa kipande cha shaba.

Na usimhifadhi akiwa amejazwa. Resini ikibanwa muda mrefu hulegea taratibu, hasa kwenye joto, na springi nayo hupoteza urefu.

Msasa_Laini

Kuhusu bega. Viwiliwili vya wanasesere hawa ni vipande viwili, mbele na nyuma, vilivyounganishwa kwa mtetemo wa sauti kali, yaani plastiki imeyeyushwa ikawa kitu kimoja. Hakuna gundi ya kulainisha. Kisu kikavu lazima kipasue, na bega ndipo ukuta ulipo mwembamba zaidi kwa sababu ya tundu la mkono. Mtumbukize kwenye maji ya nyuzi 80 hadi 90 kwa dakika moja na nusu, anzia ubavuni chini ya kwapa, ingiza wembe mwembamba milimita mbili tu, uupotoe, urudi kwenye maji. Rudia. Shingo iwe ya mwisho. Ukimlazimisha baada ya kupoa unarudi kwenye kupasua.

Ufa ulionao sasa: kama ni plastiki ya aina ya ABS, tone la asetoni kwa brashi nyembamba kutokea ndani litauunganisha. Ndani tu! Ukipaka nje linafuta mchongo. Likikauka kwa siku nzima, tandaza epoksi ya kukanda nyuma yake kuongeza unene.

Napingana na Springi_Nyembamba kidogo kuhusu kibomba. Kwa mwanasesere wa kuwekwa rafu, kibomba cha shaba kinaonekana mdomoni mwa tundu na kinaharibu sura nzima ya plastiki tupu. Kikate kiwe kifupi kwa milimita 1 ili mdomo ubaki resini.

Kalibu_Mbili

Hapo nakubaliana. Niongeze la kumwaga, maana Mchongaji atalifikia kesho kutwa.

Mkoba huu hauzidi gramu chache. Resini nyingi za polyurethane huja katika makopo mawili na huchanganywa nusu kwa nusu kwa ujazo, ila kwa uzito uwiano huwa tofauti, mara nyingi 100 kwa 90. Soma kopo lako. Ukipima gramu 3 kwa mizani ya jikoni yenye hatua ya gramu 1, umekosea kabla ya kuanza, na nakala itabaki laini au yenye ngozi ya mafuta. Tumia mizani ya 0.01, na changanya angalau gramu 15 hata kama nyingi utaitupa.

Rangi ya kijivu-buluu iwe ndani ya resini yenyewe: nyeupe kwanza, nyeusi kwa ncha ya kijiti, buluu mwisho. Jumla isizidi asilimia 2 ya uzito. Itie kwenye resini ya kopo moja kabla ya kuchanganya, na uandae ya nakala zote kwa mara moja, la sivyo nakala hazitafanana rangi. Usitumie rangi ya akriliki ya maji. Resini hii ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na utapata sponji, si mkoba. Ndiyo sababu pia kopo lililoachwa wazi siku ya mvua huanza kutoa viputo.

Kama una tangi la shinikizo, bar 2.7 zinatosha. Ila kalibu nayo iwe ilikaukia ndani ya tangi kwa shinikizo hilo hilo. Silikoni iliyokaukia nje ina viputo vidogo vilivyojificha. Ukiiweka kwenye shinikizo vinabonyea, na nakala inatoka na vipele.

Mchongaji_95

Asanteni sana wakuu. Tone la majaribio la silikoni limekauka baada ya kuosha na kupasha joto. Nimechagua J. Swali dogo: mwili wote nikiumwaga kwa resini kutoka kalibu ya yule wa dukani, ili rangi ilingane na mkoba, utakuwa mdogo?

Jicho_la_Kalipa

Utakuwa mdogo, lakini ni tofauti ya kuonekana kwa kalipa tu, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Kwa mwanasesere wa milimita 95, silikoni ya platini na resini nzuri kwa pamoja zitakula chini ya nusu milimita. Shida ni maungio: mikono ya resini itakuwa midogo na tundu la bega nalo dogo, vyote kwa uwiano, ila msuguano wa resini kwa resini hula bega haraka. Kwangua shina la mkono kwa milimita 0.2 na upake nta kidogo.

Sasa jambo ambalo halijaguswa. Mwanasesere wa kijivu-buluu, asiyepakwa rangi, wa kimo kilekile, mwenye J mgongoni: nje ya karakana yako huyo ni bandia anayesubiri mnunuzi. Mmoja wa asili aliuzwa kwa dola 185,850 kwenye mnada wa Hake's mwaka 2019, na bandia zilikuwepo zamani kabla ya hapo. Kwenye kalibu, ziba maandishi ya hakimiliki ya 1979 yaliyo nyuma ya mguu kwa nta kabla ya kumwaga silikoni. Mahali pake chonga alama yako na mwaka wa sasa, kwa kina kisichopungua 0.4, maana alama ya 0.1 inafutika kwa msasa mara mbili. Weka na ya pili ndani ya kiwiliwili. Wengine huzika duara dogo la resini nyekundu kifuani, linaloonekana tu ukimvunja. Ni wazo zuri.

Na roketi yenyewe. Kipimo cha Marekani cha vipande vidogo ni silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachozama humo chote kimekatazwa kwa watoto wa chini ya miaka 3. Roketi hii inazama bila kugusa ukuta. Kilichowafanya Kenner waigandishe si silinda hiyo. Mwishoni mwa 1978 mtoto alikufa kwa kukabwa na kombora la chombo cha kuchezea cha Battlestar Galactica (tamthilia ya anga za juu) cha kampuni nyingine. Kama nyumba ina mtoto, igandishe tu roketi kwa tone la epoksi na ubaki na kitelezi kinachosogea; springi ya 0.2 badala ya 0.3 hupunguza nguvu ya kuruka tu, haizuii kukabwa.

Springi_Nyembamba

Ukitumia 0.2, punguza pia urefu wa mkono mfupi wa J hadi 0.7. Springi dhaifu haitapandisha pini hadi juu ya ndoana, na utadhani umekosea kuchora.