Naomba ushauri: tuzipimeje nyimbo za albamu za mwanzo za Prince?

Habari zenu ndugu wanachama. Mimi na rafiki zangu watatu tunazisikiliza upya albamu tatu za kwanza za Prince, mwanamuziki wa Marekani, yaani For You ya 1978, Prince ya 1979 na Dirty Mind ya 1980, na kila mmoja wetu anaupa kila wimbo alama kati ya 1 na 10.

Tumekwama mahali pawili. Wimbo unaofungua For You ni sauti yake tupu, aliyoirekodi tabaka juu ya tabaka bila ala yoyote, nao unadumu dakika moja na ushei tu. Mimi naupenda mno, lakini wenzangu wanasema ni utangulizi usiostahili kupimwa sawa na "Soft and Wet", wimbo kamili wa albamu hiyohiyo. Pili, "I Feel for You" wa albamu ya 1979 unatusumbua kwa sababu sote tuliujua kwanza kwa sauti ya mwimbaji Chaka Khan, aliyeutoa upya mwaka 1984, kiasi kwamba ule wa asili unaonekana mpole kupita kiasi, jambo ambalo naamini si haki.

Tumejaribu kusikiliza kila albamu kwa mfululizo kabla ya kutoa alama, kisha tukachanganya mpangilio wa nyimbo. Alama zilibadilika, ubishi ukabaki.

Je, mngeupa utangulizi huo mfupi alama zake, au mngeuacha nje ya hesabu? Na mnawezaje kupima toleo la awali bila masikio kulidai lile la baadaye?

Natanguliza shukrani.