Nimekataliwa kuuziwa gemu ya 18 nikiwa na mwanangu: ni sheria ya Uingereza au dharau tu?

BintiMkunazini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Leicester mwaka wa pili sasa, na jambo hili limenikera tangu Jumamosi. Nilikwenda duka la gemu na mwanangu wa miaka 13. Akachagua Grand Theft Auto V (GTA), gemu ya ujambazi, kasha lina namba 18 kwenye kibandiko chekundu. Pesa nimetoa mie, si yeye. Kijana wa kaunta akamtazama mtoto, akanitazama mie, akauliza ni ya nani. Mtoto kwa domo lake akajibu "yangu". Basi, kasha likarudi nyuma ya kaunta, na foleni nzima inanikodolea macho kama nimekuja kununua bangi.

Nataka kujua: hiyo 18 ni sheria kweli, au wameuona mtandio wangu wakaniona mshamba? Maana mwanangu anasema skuli kwao wote wanaicheza. Na kama ni sheria, mbona gemu ya mpira ina namba 3? Mtoto wa miaka mitatu atapiga penalti na nani?

MzeeWaKaunta
Waalaykum salaam dadangu. Mimi ni wa Kisauni, ila nimekula miaka nyuma ya kaunta kama hiyo Birmingham, duka la gemu mpya na mitumba. Kwa hivyo nitamtetea huyo kijana kidogo, ingawa simjui.

Ni sheria. Tangu tarehe 30 Julai 2012, alama za PEGI (mfumo wa Ulaya wa kupangia gemu umri) za 12, 16 na 18 zina nguvu ya kisheria kwa gemu za kasha zinazouzwa Uingereza. Za 3 na 7 ni ushauri tu. Ukimuuzia mtoto ambaye hajafika umri huo, ni faini, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote. Na usidhani ni tajiri wa duka peke yake. Aliyepokea pesa naye anaweza kushtakiwa. Watu wa Trading Standards, wakaguzi wa biashara wa kaunseli, humtuma kijana mdogo aje kununua ili waone kama utamuuliza umri. Huwezi kumtambua. Ana chunusi zake, ana haraka zake, anataka chenji yake. Mwenzangu mmoja alinaswa hivyo, na baada ya hapo tukawa tunadai vitambulisho mpaka kwa wazee wenye mvi, wakifurahi wenyewe.

Sasa upande wako. Sheria inamshika muuzaji, haimshiki mama. Ukinunua peke yako ukampa mwanao nyumbani, hakuna atakayekugongea mlango. Lakini duka lina haki ya kukataa, na mtoto akishasema "yangu" mbele ya kaunta, wengi hukataa, kwa sababu hapo wanaona wanamuuzia yeye kwa mkono wako. Wallahi angekuwa Mwingereza wa ukoo ningemkatalia vilevile. Nimetukanwa na akina baba wa Kiingereza matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kutokukueleza kwa adabu, hilo ndilo kosa lake.

Kuhusu mpira: namba haipimi ugumu, inapima kilichomo. Geuza kasha utaona vipicha vyeusi vidogo. Ngumi ni mapigano, sindano ni dawa za kulevya, dadu ni kamari, na kadhalika. Mpira hauna hayo, ndiyo ukapewa 3. Ila kuna kipicha kingine, cha ununuzi ndani ya gemu, na tangu 2020 huandikwa pia kama unachonunua ni cha bahati, yaani unalipa kwanza ndipo ujue umepata nini. Pakiti za wachezaji ndizo hizo. Nilikuwa na mteja wa miaka 12, kila Ijumaa anakuja na pauni 20 kununua kadi ya zawadi ya kufungulia pakiti. Halali kabisa, namba 3 ya kijani. Huyo alinitia wasiwasi kuliko wote walioulizia gemu za bunduki.

Na sheria yenyewe inaishia kaunta. Gemu ikipakuliwa kwa intaneti, haiigusi. Makampuni huweka alama ya PEGI kwa hiari yao. Kwa hivyo swali la kumuuliza mwanao ni moja: akaunti yake ya PlayStation inasema kazaliwa lini?

HamburgKwetu
Shoga, ungekuwa huku Ujerumani ungelia zaidi. Alama zao za umri zinaitwa USK: 0, 6, 12, 16 na 18, na zinalazimisha kisheria tangu 2003, mwaka mmoja baada ya yale mauaji ya shuleni Erfurt. Ukiagiza ya 18 kwa posta, mleta mzigo hamwachii jirani. Anataka mwenye jina na kitambulisho. Mume wangu ana miaka 41 na yake ilirudishwa, eti alikuwa kazini.

Marekani ndiyo kinyume. Jimbo la California walitunga sheria 2005 ya kukataza watoto kuuziwa gemu za ukatili, faini hadi dola 1,000 kwa muuzaji. Mahakama ya Juu ikaifuta 2011, majaji saba dhidi ya wawili, kwamba gemu nazo zinalindwa na uhuru wa kusema. Alama zao zipo, M maana yake miaka 17, ila ni maduka yenyewe yanayoamua kuzifuata.

KibandaMwananyamala
Nyie mnalalamikia kaunta, mimi hapa Dar kaunta ndiyo mimi. Nina kibanda cha gemu, tivii nne, mechi moja shilingi 500. Gemu zinatoka Dubai, Uingereza, Marekani, kila moja na alama yake, na nyingi hazina hata kasha, zimenakiliwa tu kwenye "hard disk". Nisome namba wapi?

Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya 1976. Bara hatukuwa hata na kituo cha televisheni wakati huo (wenzetu wa Visiwani mlikuwa nacho, najua mtanikumbusha). Kwa hiyo kanuni nimejitungia: mchana ni mpira na magari tu, mwenye sare ya shule haingii, GTA ni baada ya saa moja usiku kwa watu wazima. Hakuna ofisa aliyenilazimisha. Alikuja mama mmoja na mwiko mkononi, mwanawe kamtukana bibi yake kwa maneno aliyoyapata kwenye skrini yangu. Tangu siku ile sijajaribu bahati.

BintiMkunazini
Ahsanteni. @MzeeWaKaunta, nimeifungua hiyo akaunti. Kazaliwa 1990! Yaani ni mkubwa kwa mjomba wake. Na gemu tatu za 18 zimo ndani, keshazipakua kwa kadi alizopewa sikukuu. Sasa Jumamosi alikuwa ananitafutia nini dukani?

MzeeWaKaunta
Alitaka diski ya kuwaazima wenzake, nakuhakikishia. Iliyopakuliwa haiazimiki.

Fanya hivi. Fungua akaunti yako wewe kwanza, kwa tarehe yako ya kweli. Chini yake mfungulie yeye akaunti ya mtoto, nayo kwa tarehe ya kweli. Kisha ingia kwenye mipangilio ya familia, weka kikomo cha umri, na kiasi cha pesa anachoweza kutumia kwa mwezi weka sifuri. Usisahau kufuta ile ya 1990 kwenye mashine, na uzuie watu kujiongezea akaunti mpya, la sivyo kesho atazaliwa 1985. Namba ya siri isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, hiyo ndiyo watakayoijaribu mwanzo.

Timu yake ya mpira itabaki kwenye akaunti ya zamani, haihami. Mwambie hilo kabla hujaanza kubonyeza, asije akaligundua akiwa peke yake saa tano usiku.