Kaka yangu ametolewa uvimbe wa tezi ya pituitari na bado ni mdhaifu: je, aanze vidonge vya thairoksini?

Mwana wa Pangani ameuliza:

Habari za leo, wanajukwaa. Naomba maelezo kutoka kwa wataalamu au kwa waliowahi kulipitia jambo hili. Kaka yangu, mwenye umri wa miaka 46, aligundulika kuwa na uvimbe wa milimita 24 kwenye tezi ya pituitari baada ya kulalamika kwa muda mrefu kwamba haoni vitu vilivyo pembeni mwake. Alifanyiwa upasuaji kupitia puani, macho yakapata nafuu, tukaambiwa kwamba uvimbe haukuwa wa saratani, nasi nyumbani tukaamini kwamba yamekwisha. Hata hivyo, nguvu zake hazijarudi. Anachoka kabla ya saa nne asubuhi, anapata kichefuchefu, akisimama ghafla anaona giza, anahisi baridi wakati sisi tunatokwa na jasho, na ndevu zake zimepungua sana. Alipimwa TSH, homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi, ikawa ya kawaida, akaambiwa kwamba tezi yake ya thairoidi ni nzima. Wiki hii daktari mwingine amepima pia T4, yaani thairoksini, homoni ya thairoidi yenyewe, ameikuta ipo chini, na amemwandikia vidonge vya levothairoksini, yaani thairoksini ya kutengenezwa. Tumeshavinunua ila bado hajavimeza. Inawezekanaje TSH iwe ya kawaida na T4 iwe chini? Na je, avianze kesho?

Daktari wa Homoni amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka: asivianze vidonge hivyo kabla ya kortisoli yake (homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa na kutunza shinikizo la damu) kupimwa, na ikionekana ipo chini, kabla hajaanza dawa ya kuifidia. Thairoksini huharakisha kazi za mwili na pia huharakisha uondoaji wa kortisoli kwenye damu, kwa hiyo mtu ambaye tayari ana kortisoli kidogo anaweza kuanguka, shinikizo lake la damu likashuka vibaya na akapoteza maisha. Kichefuchefu, udhaifu na kuona giza anaposimama vinanifanya niihofie kortisoli kuliko thairoidi.

Sasa kuhusu TSH. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na yenye ukubwa wa punje ya njegere, ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: kwa homoni ya TSH huiamuru thairoidi, kwa ACTH huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kortisoli, na kwa LH na FSH huamuru korodani au ovari. Mtu ambaye thairoidi yake yenyewe imeharibika huwa na TSH ya juu, kwa sababu pituitari hupaza amri. Kaka yako tatizo lake linaweza kuwa kwa mwenye kutoa amri, na hapo TSH huonekana ya kawaida, au ya chini, huku T4 ikiwa haitoshi. Ndiyo maana TSH pekee haifai kabisa kwa mgonjwa wa pituitari, si kwa kugundua upungufu wala kwa kupanga dozi baadaye. Kinachofuatwa ni T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu. Inanisikitisha kila ninapoona mgonjwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya namba hiyo moja.

Uvimbe wa milimita 10 au zaidi huhesabiwa kuwa mkubwa, na hubana sehemu ya tezi iliyo na afya hata kama wenyewe hautengenezi homoni yoyote. Upasuaji wakati mwingine hurudisha kazi iliyopotea, na wakati mwingine huiongezea tezi jeraha. Mara nyingi homoni ya ukuaji ndiyo inayotangulia kupungua, zikifuatwa na homoni za uzazi, kisha TSH na ACTH, ingawa mpangilio huo si sheria.

Mpelekeni apimwe kortisoli saa mbili asubuhi, pamoja na sodiamu, T4 huru, prolaktini (homoni ya maziwa, nayo hutoka pituitari) na testosteroni. Kortisoli ya asubuhi iliyo chini ya mikrogramu 3 kwa desilita inathibitisha upungufu. Iliyo juu ya 15 karibu inauondoa. Iliyo katikati inahitaji kipimo cha kuichochea adrenali kwa sindano. Akianza kutapika au kuchanganyikiwa, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo na mseme wazi kwamba amefanyiwa upasuaji wa pituitari.

Bibi Mwalimu ameandika:

Nami naishi na upungufu huu kwa miaka mingi baada ya upasuaji kama huo. Namwambia kaka yetu kwamba uchovu wake si uvivu, na ningependa ndugu zake waliamini hilo hata kabla ya majibu kutoka. Mimi nilipoanza haidrokotizoni, dawa ya kufidia kortisoli, nilipata hamu ya kula ndani ya siku chache. Jambo moja ambalo wengi hatuambiwi ni kwamba upungufu wa kortisoli unaweza kuficha upungufu wa homoni inayozuia mkojo, kwa hiyo akishaanza dawa na akajikuta anakojoa mno, mkojo mweupe kama maji, na kiu inamwamsha usiku, arudi hospitali haraka. Hiyo si sukari, na ina dawa yake, desmopresini.

Mwana wa Pangani:

Ahsanteni sana. Kortisoli imetoka mikrogramu 1.9, na ameanza prednisoloni miligramu 5 kila asubuhi kwa sababu vidonge vya haidrokotizoni havikupatikana huku kwetu. Thairoksini tumeambiwa itafuata. Naomba kuuliza mambo mawili: prednisoloni inatosha kweli? Na Ramadhani inakaribia, naye hataki kusikia habari ya kutofunga.

Daktari wa Homoni:

Haidrokotizoni, kwa kawaida miligramu 15 hadi 20 kwa siku, zikigawanywa mara mbili au tatu, ndiyo chaguo la kwanza, lakini prednisoloni ya miligramu 3 hadi 5 kwa siku ni mbadala unaokubalika. Tofauti na ugonjwa wa adrenali zenyewe, yeye hahitaji dawa ya kutunza chumvi, kwa kuwa homoni ya aldosteroni haitegemei sana pituitari. Anachokihitaji ni kujua kwamba mtu mzima wa afya huongeza kortisoli anapougua, naye hawezi. Akipata homa aongeze dozi mara mbili, huku akipimwa malaria kama kawaida. Akitapika vidonge, apelekwe akachomwe haidrokotizoni ya sindano, miligramu 100. Asiache dawa hata siku moja, na abebe kadi inayoeleza hali yake.

Kuhusu testosteroni, kabla ya kuandikiwa sindano zake aulizwe kama anataka kupata watoto zaidi, kwa sababu testosteroni huzuia utengenezaji wa mbegu, na wanaotaka mtoto hutibiwa kwa njia nyingine.

Ramadhani ya mwaka huu namshauri asifunge, kwa kuwa dozi zake bado hazijatulia. Aya ya 184 ya Sura Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa hiyo, na nadhani atalipokea vizuri zaidi akisikia kwa imamu wake kuliko kwetu. Miaka ijayo, akiwa ametulia, wapo wanaofunga kwa kumeza prednisoloni wakati wa daku, kwa sharti kwamba anayehisi kizunguzungu, kutapika au homa anafungua papo hapo. Ikiwa atalazimika kutumia desmopresini, mimi sitamshauri afunge kabisa.

Thairoksini aianze sasa kwa dozi ndogo, kisha T4 huru ipimwe baada ya wiki sita hadi nane. Wakiwapa fomu ya TSH peke yake, ombeni ibadilishwe.