Uliwahi kuuza viatu dukani? Tupeane uzoefu, utamu na uchungu

Mleta mada
Wakuu, heshima kwenu. Nimeuza viatu miaka miwili na ushee, na kesho kutwa naaga. Nataka tusimuliane, naanza mimi.

Watu hudhani kazi yetu ni kusimama na kutabasamu. Kazi iko stoo. Mteja ameshika kiatu kimoja cha kwenye rafu: "Niletee 42." Unakimbia, unapanda ngazi, boksi liko chini ya mengine tisa, unalifungua unakuta vyote viwili vya kulia! Mtu alijaribu pea mbili, zikarudishwa ovyo, na mpaka uvipate vya kushoto, pea zote mbili haziuziki. Siku ya kuhesabu mali nilitafuta kushoto kimoja hadi giza likaingia. Kilikuwa dirishani, kwenye maonyesho. Nilikiweka mimi mwenyewe.

Utamu? Punguzo la mfanyakazi. Ila chunga, mshahara unaweza kuishia kaunta ileile ulikoupatia.

Kisigino
Mimi niliyeingia na viatu vya mchuchumio siku ya kwanza nifundishwe adabu na nani tena? Saa nane nzima umesimama, kwenye sakafu ngumu. Kufika jioni miguu imevimba, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini msimamizi aliwaambia wateja waje kupima mchana umekwenda, si asubuhi. Kiatu kinachokutosha saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa kumi na moja.

Stoo ya Nyuma
Kwangu kero ni namba. "Mimi navaa 8, huku mnaniambia 42!" Namba za Ulaya zinapanda kwa theluthi mbili za sentimita, za Uingereza kwa theluthi moja ya inchi, sasa zitalinganaje sawasawa? Niliacha kubishana. Nilikuwa nachukua kile chombo cha chuma alichobuni Mmarekani Charles Brannock miaka ya 1920, napima urefu na upana, miguu yote miwili, nafuata ule mkubwa. Wengi hawajui kwamba mmoja umeuzidi mwenzake.

Mguu Sawa
Mtaniwia radhi, langu si la kuchekesha. Mzee mmoja alikuja kutafuta viatu vipana. Nikapiga magoti kumvua, kokoto ikadondoka kutoka kiatuni, na unyayoni pana kidonda. Hakuwa amehisi chochote. Ana kisukari, na kisukari kinaweza kuua hisia za miguu. Sikumuuzia kitu siku ile, nilimsihi aende hospitali kwanza. Kamisheni ikanipita, meneja akanuna. Alirudi baada ya wiki kadhaa na binti yake, akanunua pea mbili. Tangu hapo kila kiatu natia mkono ndani kabla mteja hajavaa.

Kisigino
@Mguu Sawa umefanya la maana. Sisi kamisheni ilitugombanisha. Unahangaika na mteja nusu saa, unaingia stoo kumletea namba, ukitoka unamkuta kaunta na mwenzako anamwandikia risiti.

MamaWawili
Hamjataja wanaorudisha! "Sijavivaa hata mara moja, dada," na soli imenasa mchanga. Harufu ya soksi nilizoea mwezi wa kwanza, hili sikulizoea. Watoto nao wana siri yao: ukiwauliza kama kinabana watasema hakibani, kwa sababu wamekipenda rangi. Usiwaulize. Minya mbele kwa kidole gumba, kisha mwambie akimbie.

Mleta mada
Asanteni. Swali la mwisho: ni mimi tu ninayetazama miguu ya watu kwenye basi kabla ya sura?

Stoo ya Nyuma
Tuko wengi. Mwalimu wa mwanangu ni 39, anajilazimisha 38. Kila kikao cha wazazi nashindwa kusikiliza.