Naomba ushauri: nina miaka 68 na kisukari, mwaka huu sijaitwa kwenye chanjo ya UVIKO. Je, nilipie mwenyewe?

Mzee wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum, na salamu kwa wanajamvi wote. Ninaishi Reading, Uingereza, nina umri wa miaka 68, na kisukari cha aina ya pili ninacho tangu kabla sijastaafu. Chanjo za UVIKO-19 nimezipata tangu mwanzo: mbili za AstraZeneca mwaka 2021, kisha za nyongeza, na ya mwisho nilichomwa Oktoba 2024 siku moja na chanjo ya mafua. Wito ulikuwa ukija wenyewe, nami nilikuwa nikienda bila kufikiri sana. Oktoba hii ya 2025 umekuja wito wa mafua peke yake. Nilipouliza kwa daktari wangu wa familia, karani wa mapokezi alinijibu kwamba wanaoitwa sasa ni wenye miaka 75 na kuendelea, wakazi wa nyumba za kulelea wazee, na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika, na kwamba kisukari pekee hakiniingizi katika makundi hayo.

Famasi ya mtaani kwangu wanaichoma kwa malipo ya karibu pauni 100. Desemba ninatarajia kwenda Tanga kwenye harusi ya mpwa wangu, na nyinyi mnajua harusi zetu zilivyo: watu kusalimiana kwa kukumbatiana na kulala chumba kimoja watano.

Yananikwaza mambo mawili. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam ananisihi niache, kwa hoja kwamba ikiwa serikali yenyewe imeacha kutuita, basi kuna jambo imeligundua, na ananikumbusha zile habari za damu kuganda. La pili ni kwamba chanjo ya mwaka jana ilinilaza siku nzima kwa homa, na sukari yangu ambayo kwa kawaida ni 7 au 8 ilipanda hadi 14. Naomba ushauri wa wenye ujuzi: nilipie au niache?

Muuguzi wa Leicester

Shikamoo mzee wangu. Naomba nianze na hoja ya dada yetu wa Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo inayowatia hofu wengi ambao, kama wewe, waliitwa mwaka jana na mwaka huu hawakuitwa. Umri wa kuitwa haukupandishwa kutoka 65 hadi 75 kwa sababu ya hatari mpya iliyogunduliwa katika chanjo. Kamati ya Pamoja ya Chanjo na Kinga, ambayo ndiyo huishauri serikali ya Uingereza, ilitoa ushauri huo Novemba 2024 baada ya kupiga hesabu ya gharama: ni kundi lipi ambalo dozi inayonunuliwa kwa fedha za umma inazuia watu wa kutosha kulazwa hospitalini au kufariki, kiasi cha kuhalalisha matumizi hayo. Watu wengi sasa wana kinga iliyotokana na chanjo za nyuma pamoja na kuugua wenyewe, kwa hiyo faida kwa mtu wa miaka 65 au 70, ikichukuliwa kwa wastani, imepungua. Hesabu hiyo ni ya bajeti ya taifa. Haisemi kwamba wewe, mwenye kisukari na safari mbele yako, huna faida yoyote utakayoipata.

Kuhusu damu kuganda, dada hajazua, ila tatizo hilo lilihusishwa na chanjo za AstraZeneca na Janssen. Lilikuwa la nadra, lilitokea ndani ya wiki chache baada ya kuchomwa, hasa dozi ya kwanza, na ndiyo maana mwaka 2021 Uingereza iliamua vijana wa chini ya miaka 40 wapewe chanjo nyingine. Wewe ulikwisha kulivuka, na chanjo ya famasi ya sasa ni ya aina tofauti kabisa. Aina hii ya sasa nayo ina athari yake ya nadra, yaani uvimbe wa misuli ya moyo, ambayo imeonekana zaidi kwa vijana wa kiume kuliko kwa wazee wa umri wako.

Mtazamaji

Pamoja na heshima zote kwa dada muuguzi, mimi nina miaka 44, sina ugonjwa wowote, na niliacha baada ya dozi ya tatu. UVIKO niliupata kabla ya dozi hiyo na nikaupata tena baada yake. Ikiwa chanjo haizuii kuambukizwa, pauni 100 ni za nini? Mzee angezipeleka kwenye zawadi ya bwana harusi.

Muuguzi wa Leicester

Kaka, kwa umri wako na afya yako uamuzi wako hauna kasoro. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa Machi 2023, lilisema halipendekezi dozi za nyongeza za mara kwa mara kwa watu wazima wasio na maradhi ambao si wazee. Mwongozo huohuo uliwaweka wazee na wenye maradhi kama kisukari katika kundi la kipaumbele cha juu, wapate dozi nyingine ya nyongeza miezi 6 au 12 baada ya dozi ya mwisho, kulingana na hali zao. Ni kweli kwamba kinga dhidi ya kuambukizwa ni dhaifu na hupungua upesi. Kinacholipiwa hapa ni kupunguza uwezekano wa kulazwa, na hata hicho hufifia baada ya miezi kadhaa. Mzee alichomwa mara ya mwisho zaidi ya mwaka mmoja uliopita.

Mkazi wa Kariakoo

Huku kwetu wengi tulichomwa Janssen ile ya dozi moja mwaka 2021, baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani Julai 28, na wengi wetu tukaishia hapo. Mzee asitegemee kwamba atakaokaa nao harusini wana kinga mpya. Ajilinde mwenyewe.

Mzee wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Binti yangu nimemsomea maelezo ya muuguzi kwa simu. Hakuridhika yote, lakini la damu kuganda ameliacha. Nimeelekea kulipia. Yamebaki maswali mawili: nichome lini, ikiwa naondoka tarehe 12 Desemba, na nifanye nini sukari ikipanda tena? Kwa kisukari natumia dawa ya metformini tu.

Muuguzi wa Leicester

Mzee wangu, kinga huhitaji takriban wiki mbili kujijenga, kwa hiyo katikati ya Novemba ni wakati mzuri, na homa ikikupata itakuwa imekwisha mbali na safari. Ya mafua unaweza kuchomwa siku hiyohiyo, lakini kwa kuwa mwaka jana mbili kwa pamoja zilikulaza, waweza kuzitenganisha ili ujue ipi inakusumbua. Ya mafua kwako ni bure. Chagua siku ambayo kesho yake huna shughuli. Ukipata homa, meza parasetamoli, kunywa maji mengi, na pima sukari kila baada ya saa nne hivi. Kupanda hadi 14 kwa siku moja ya homa si jambo la ajabu kwa mwenye kisukari, na UVIKO wenyewe unaweza kuipandisha zaidi na kwa siku nyingi. Endelea na metformini, ila ukianza kutapika au kuharisha, piga simu kwa daktari wako siku hiyohiyo, kwa sababu hapo huenda akaisimamisha kwa muda. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kukosa pumzi katika siku zinazofuata havisubiri asubuhi.

Barua ya daktari kwa kawaida hawaiulizi kwenye famasi, lakini nenda na orodha ya dawa zako zote, na uwaambie waziwazi chanjo iliyopita ilikufanya nini.