Mtu mliyekutana mara moja tu ila hujamsahau hadi leo

Mwana wa Ujiji:
Wakuu habari zenu, kuna kitu kinanikaa moyoni miaka mingi. 2004 nimemaliza form four nikapanda treni Kigoma kwenda Dar kwa mjomba, daraja la tatu, kilomita zaidi ya 1,200 na enzi hizo mnalala njiani siku mbili, ikiharibika ndo usiseme. Tabora nikashuka kununua maji, narudi begi lenye hela na chakula alichonifungia mama halipo. Nikakaa kimya dirishani, umri ule unaona aibu hata kusema. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ana madumu ya mawese, hatukuwa tumeongea zaidi ya shikamoo marahaba. Hakuniuliza kitu. Tulipofika Saranda pale kwenye kuku akanunua mzima, akanisogezea paja akasema "kula baba, Dar bado mbali".

Usiku Dodoma baridi ikanipiga, nikashtukia nimefunikwa kitenge. Asubuhi naamka tushapita Kilosa, wenzangu wananiambia kashuka hapo. Kitenge kaniachia na kwenye pindo kafunga elfu mbili, ndo iliyonifikisha kwa mjomba.

Jina simjui. Mwaka jana nilienda Kilosa kikazi nikajikuta sokoni nawaangalia wamama usoni mmoja mmoja. Nyie deni la mtu usiyeweza kumpata mnalifanyaje?

bint_likoni:
Umeniliza kaka. Mimi ni 2011, natoka hospitali nimeambiwa mimba imetoka, niko peke yangu, mume yuko safarini. Nikaingia kwa feri nasimama pale kati ya watu na mikokoteni machozi yanashuka tu. Bibi mmoja wa buibui akanishika mkono akasema "pole mwanangu", basi, hakusema lingine na wala hakuuliza nalilia nini, akanishika hivyo hivyo mpaka tukafika ng'ambo. Feri yenyewe dakika kumi hazifiki. Alikuwa ananukia asmini. Nina watoto wawili sasa alhamdulillahi lakini nikipita na mtu kajifunga kikuba cha asmini moyo unashtuka bado.

Kipanga77:
Mkuu samahani ila nahisi huyo mama wala hakumbuki, kwake ilikuwa safari tu. Usijitese.

nesi wa zamu:
@Kipanga77 kweli hakumbuki ila sikia hii. Mimi ni nesi, nipo wodi ya wazazi mwaka wa kumi na tatu. Juzi niko sokoni nachagua nyanya dada mmoja akanikumbatia, ananiambia wewe ndo ulikaa na mimi usiku ule ukaniambia mwanao atalia tu subiri, na akalia, yuko darasa la tatu sasa. Sikumkumbuka hata kidogo. Nikatabasamu nikamwambia asante, nilipofika nyumbani nikalia kwa sababu najua zipo pia zile zamu nimechoka nikamfokea mtu, na huyo naye ananikumbuka, tena huyo hatanikumbatia sokoni. Toka siku hiyo nikiingia wodini nauliza majina kwanza kabla sijashika faili.

Mwana wa Ujiji, kitenge bado unacho?

Mwana wa Ujiji:
Dada nesi hiyo ya kufokea imenigusa sana, Mungu akupe nguvu.

@Kipanga77 sijitesi mkuu, ningependa tu ajue kwamba nilifika.

Kitenge kipo. Rangi imeshaisha na upande mmoja umechanika. Siku tunatoka hospitali na mtoto wetu wa kwanza mke wangu alikuwa kaandaa shali mpya nzuri kabisa, nikamwomba chini afunikwe hicho kwanza, shali ije juu. Hakuuliza, alikuwa anaijua hadithi. Mtoto ni wa kike, nyumbani tunamwita Mama Kilosa.